Gari Rahisi la Mashindano na Hesabu Zake

Natumai madaftari yako tayari na penseli zimechongwa.

Somo letu la leo limetokana na barua. Mwanafunzi mmoja wa darasa la Mpendae, ambaye ni fundi wa magari, ameiandika kwa mkono wake mwenyewe, na mwaka jana alikuwa hawezi kuandika hata jina lake. Anasema kwamba yeye na kaka yake wameweka akiba kwa miaka minne. Wanataka kununua gari rahisi na kuliingiza katika rali, yaani mbio za magari katika barabara za vumbi, kama zile zilizowahi kufanyika Morogoro, Iringa na Tanga. Mama yao hataki. Yeye asema fedha hizo ni za kuezekea nyumba. Basi mwanafunzi anauliza: je, mtu wa kawaida anaweza kushindana kwa gari rahisi, au mchezo huu ni wa matajiri tu?

Nyote mmeona resi za ngalawa. Vyombo vile vinakaribiana kwa umbo: mtumbwi mwembamba, mbao mbili za ubavuni za kuuzuia usipinduke, na tanga moja. Ikitangulia moja, watu walioko pwani hawasemi, "Chombo kile ni ghali." Husema, "Nahodha yule anaujua upepo." Sasa tia boti la mashine katika resi hiyo. Aliyenunua mashine ameshashinda kabla hajaondoka ufukweni, na wenziwe wanamsindikiza tu.

Mbio za magari zina taabu hiyo hiyo. Kila mtu akija na gari alitakalo, mwenye mfuko mkubwa atakuja na injini kubwa. Kwa hiyo watu wa mchezo huu wakabuni kanuni: wote waendeshe gari la aina moja, lenye injini ya namna moja, na uzito usiopungua kiasi kilichowekwa. Marekani katika miaka ya 1960 yalianza mashindano yaitwayo Formula Vee. Magari yake ni madogo, ya kiti kimoja, na yaliundwa kwa injini na gia za Volkswagen ndogo, ile yenye mgongo wa duara. Baadaye ikafuata Mazda MX-5, ambayo washindani wote hufunga springi na shokapu za aina moja. Afrika ya Kusini walishindanisha Volkswagen Polo. Kanuni ni ile ile: anayeshinda ashinde kwa mikono yake.

Sisi wa Afrika ya Mashariki tulikuwa na njia yetu, nayo yanipendeza zaidi. Mwaka 1953 yalifanywa mashindano ya kwanza ya Safari, yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yalikuwa ya kawaida, kama yauzwavyo dukani, na yaligawanywa kwa bei yake. Gari la bei ndogo lilishindana na la bei ndogo, la bei kubwa na la bei kubwa. Na dereva aliyepata makosa machache kuliko wote mwaka ule, Alan Dix, aliendesha Volkswagen ndogo ile ile.

Tena kuna habari ya Joginder Singh. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, akawa fundi wa magari. Mwaka 1965 alishinda Safari pamoja na ndugu yake Jaswant. Gari lao lilikuwa Volvo PV544, wala halikuwa jipya; lilikuwa limekwisha kutumika katika mashindano kabla ya kufika mikononi mwao. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976, kwa magari ya Mitsubishi.

Basi jibu la swali la kwanza ni ndiyo, yawezekana. Lakini ndugu yetu wa Mpendae asikimbilie dukani. Tuandike hesabu kwanza. Mwalimu, tafadhali iandike ubaoni. Bei hizi ni za kujifunzia tu.

Tuseme wana shilingi 12,000,000. Gari wamelinunua kwa 7,000,000. Mtu atasema zimebaki 5,000,000, tele! Haya, toeni. Kizimba cha mabomba ya chuma ndani ya gari, ili paa lisiwaponde likipinduka: 1,800,000. Viti viwili, mikanda na kofia ngumu mbili: 1,500,000. Mipira sita: 1,200,000. Zimebaki 500,000, na gari bado liko Unguja. Lipo shauri la meli. Lipo la ushuru na vibali, kwani gari lililosajiliwa Zanzibar haliendi kutumika Bara hivi hivi. Ipo ada ya kuingia. Ipo petroli.

Mtasema, aache kizimba. La! Marekani, tangu mwaka 2006, kuna mashindano ya magari mabovu yaitwayo 24 Hours of Lemons, ambayo kanuni yake husema gari lisizidi dola 500. Lakini kizimba, kiti, mikanda na breki havihesabiwi katika dola hizo. Hata watu wanaofanya mzaha na magari hawafanyi mzaha na shingo ya dereva.

Na gari la mashindano huvunjika. Katika Safari ya mwaka 1963 yaliondoka magari zaidi ya 80, yakamaliza saba. Likivunjika usitazamie bima, kwani bima ya kawaida hailipi hasara ya mashindano.

Shauri langu ni hili. Asiunde gari jipya; atafute lililokwisha kutengenezwa na mwingine, kwa sababu aliyelitengeneza ni nadra kurudishiwa fedha zake zote. Alilale chini alitazame mvunguni. Hapa kwetu chumvi ya bahari hula chuma. Mimi niliwahi kununua gari lililopakwa rangi ya kupendeza sana, nikaigonga sakafu kwa bisibisi, bisibisi ikapita mpaka chini. Kosa langu, niligonga baada ya kulipa.

Kabla ya hayo, aende rali moja kama fundi wa mtu mwingine. Atajifunza mengi kwa nauli tu. Na mazoezi asiyafanye katika barabara ya Mpendae, jioni watoto wakitoka chuoni. Ama mama, naona hakukosea. Paa kwanza, kisha gari, kwa fedha ambazo hata zikipotea zote watu watalala pakavu.

Maneno ya kuandika: kanuni, kizimba, mvunguni, ushuru, kuezeka.

Hesabu ya nyumbani: ndugu wale wangenunua gari lililotumika katika rali kwa 9,500,000, lenye kizimba, viti, mikanda na kofia, kisha wakanunua mipira kwa 1,200,000, wangebaki na shilingi ngapi? Zingezidi zile za ubaoni kwa kiasi gani? Majibu tutayasoma juma lijalo.