MTUNGI WA PILI ATALIPA NANI?

Mwezi wa Mei, 2024, Serikali ya Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ikaweka shabaha kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wakipikia nishati safi. Sisi twaiunga mkono shabaha hiyo bila ya kusita. Mti ulio hai huihifadhi hewa ya ukaa mwilini mwake. Ukigeuzwa mkaa huirudisha angani, na moshi wa jikoni humwingia mama kifuani kabla haujafika mawinguni.

Lakini shabaha peke yake haiivishi ugali. Mitungi mingi ya gesi imekwisha kutolewa, mingine bure, mingine kwa nusu bei. Jambo hilo ni jema. Hata hivyo twauliza: mtungi wa kwanza ukiisha, wa pili atalipa nani? Mkaa huuzwa kwa kopo, na mtu wa kibarua hununua wa siku moja. Gesi hudai fedha zote kwa mara moja. Asiyekuwa nazo huurudia mkaa, na mtungi hubaki pambo.

Kwa hiyo hapana budi gesi iuzwe kidogo kidogo kwa mita, kama ilivyokwisha kuanzwa katika baadhi ya nyumba za mjini. Na umeme wa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ufike jikoni kwa bei anayoimudu mkulima. Haba na haba hujaza kibaba. Basi maskini naye aruhusiwe kununua kwa kibaba.