Maji ya Moto ya Mpemba

Mwaka 1963, Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanayaacha yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friji. Nafasi ilikuwa ya kugombania. Erasto Mpemba wa kidato cha tatu, kwa kuchelea kuikosa, akayaingiza ya kwake yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu yalikuwa yameganda, na ya mwenzake aliyeweka maziwa yasiyochemshwa yangali rojorojo.

Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, swali lilelile likawa kichekesho darasani. Siku Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, alipoitembelea shule, Mpemba akamuuliza mbele ya wote: kwa nini maji ya nyuzi 100 yanatangulia kuganda kuliko ya nyuzi 35? Osborne hakusadiki, ila aliahidi kujaribu. Fundi wa maabara akampa taarifa kwamba kweli ya moto yametangulia, lakini wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Makala ya Mpemba na Osborne ilichapishwa mwaka 1969.

Kauli ya fundi yule imenikaa moyoni. Jibu alikuwa nalo kabla ya kuweka maji kwenye friji.

Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, wa Uingereza, walipima upya muda ambao maji huchukua kushuka hadi nyuzi 0. Hawakuona ya moto yakitangulia. Tena walionyesha kwamba maji ndani ya chombo hayana joto moja juu na chini. Ukipishanisha vipimajoto kwa sentimita moja tu, unaweza kuona ushindi ambao haupo. Nakiri, niliisoma kazi yao nikiwinda kosa. Mpemba ni wetu, nami nilitaka awe amepatia. Nilikuwa nafanya yaleyale ya fundi.

Nilipotulia nikaona kwamba neno “kuganda” linabeba mambo zaidi ya moja. Kufika nyuzi 0 si kuwa barafu. Maji yanaweza kushuka chini ya 0 yakabaki maji kwa muda, kisha yakaganda ghafla. Halafu kuna sakafu ya friji. Sufuria ya moto ikiketi juu ya utando wa barafu huuyeyusha, chuma kikagusana na chuma na joto likatoka upesi. Ya baridi inabaki juu ya utando ule kama iliyo juu ya godoro. Ya moto pia hupoteza maji kwa mvuke.

Ndiyo maana siku hizi, kabla ya jaribio hili, wanafunzi wangu hukwangua kwanza barafu ya friji, hufunga vipimajoto kwenye kina kimoja, na huandika ubaoni wanachokiita kuganda. Hapo huwa wanabishana sana, nami nawaacha wabishane.