Msanifu Majengo na Mfadhili Wake: Kazi za Giacomo Quarenghi katika Utumishi wa Wafalme wa Urusi, 1780–1817

Katika karne ya 18, watawala wengi wa Ulaya waliajiri wasanifu majengo kutoka nchi za nje. Ajira hizo zilitegemea mapenzi ya mfadhili mmoja, kiasi kwamba kifo chake kiliweza kukatisha kazi ya msanifu. Makala hii inafafanua jinsi Giacomo Quarenghi, Mwitalia aliyeingia Urusi mwaka 1780, alivyoendelea kupewa kazi chini ya watawala watatu. Hoja kuu ni kwamba mtindo wake ulizifaa taasisi za dola kama ulivyoyafaa makasri.

Quarenghi alizaliwa mwaka 1744 karibu na Bergamo. Alikwenda Roma kusomea uchoraji, kisha akavutwa na usanifu baada ya kusoma maandishi ya Andrea Palladio, msanifu wa karne ya 16. Hapo ndipo alipojenga msimamo wake wa urasimi mpya, yaani mtindo unaorejelea uwiano na nguzo za majengo ya Ugiriki na Roma za kale. Malkia Catherine II aliupendelea mtindo huo kuliko mapambo mengi ya baroko aliyoyakuta St. Petersburg.

Katika miaka ya 1780 Quarenghi alisanifu majengo ya aina tofauti kwa wakati mmoja. Ukumbi wa Tamthilia wa Hermitage ulipangwa kwa viti vya ngazi za nusu duara, kwa kufuata mfano wa Palladio kule Vicenza. Jengo la Chuo cha Sayansi lilikuwa na kuta tupu na safu ya nguzo nane mbele ya lango. Aidha, alisanifu benki ya serikali, na baadaye Kasri la Alexander huko Tsarskoye Selo, lililojengwa kati ya mwaka 1792 na 1796 kwa ajili ya mjukuu wa malkia.

Catherine alifariki mwaka 1796. Mrithi wake, Paul I, alimwondoa kazini Charles Cameron, Mskoti aliyekuwa msanifu kipenzi cha malkia. Quarenghi alibaki, akajenga kanisa dogo la Shirika la Malta, ambalo Paul alikuwa mkuu wake. Chini ya Alexander I alisanifu hospitali, ukumbi wa mazoezi ya farasi wa kikosi cha walinzi, na Taasisi ya Smolny (1806–1808) iliyosomesha mabinti wa makabaila.

Mtihani mkubwa zaidi ulitokana na vita. Napoleon alipoishambulia Urusi mwaka 1812, Waitalia waliokuwa huko waliamriwa kurejea kwao. Quarenghi alikataa, akahukumiwa kifo na kunyang'anywa mali katika nchi yake ya asili. Mwaka 1814 alisanifu lango la ushindi la mbao la kuwapokea wanajeshi wa Urusi waliomshinda Napoleon. Alifariki St. Petersburg mwaka 1817, na lango hilo likajengwa upya baadaye kwa vifaa vya kudumu.

Kwa ujumla, ufadhili wa Catherine ulimfungulia Quarenghi mlango, lakini haukutosha kumbakisha ndani. Kilichombakisha ni usanifu ulioweza kuhudumia benki, shule na jeshi bila kubadili kanuni zake. Smolny inathibitisha jambo hilo: mwaka 1917, utawala wa kifalme ulipokwisha kuanguka, Wabolsheviki waliifanya makao yao makuu.