Boila Ikidondosha Maji, Usiizibe

Boila ya umeme iliyofungwa vizuri hudondosha maji kidogo kila inapopasha. Kisangani, kama kwingineko, mwenye nyumba akiona matone hayo hudhani ni uharibifu, akaziba tundu la vali. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Maji yakipata moto hutanuka. Mji huu uko karibu na ikweta, kwa hiyo maji huingia kwenye boila yakiwa na nyuzi 25 hivi za Selsiasi. Yakifika nyuzi 60, tangi la lita 100 huwa na ziada ya karibu lita moja na nusu, na maji hayashindiliki. Yanakotoka ni kwenye vali ya usalama, ambayo kwa kawaida hufunguka shinikizo likifika baa 7.

Sasa themostati ikiharibika, umeme haukatiki tena. Sufuria iliyo juu ya makala haivuki nyuzi 100, maana mvuke huinua kifuniko ukatoka. Tangi lililozibwa halina kifuniko cha kuinuka: kwa shinikizo la baa 7, maji hayachemki mpaka yafike nyuzi 170 hivi. Likipasuka, sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke papo hapo, na lita 1 ya maji huzaa zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Ukuta hausimami mbele ya nguvu hiyo.

Ukisikia tangi linanguruma, au bomba la moto likitoa mvuke, zima umeme kwenye swichi kuu, kisha toa watu ndani. Usifungue bomba la moto: hata maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache, na haya yameshapita hapo. Usilimwagie tangi maji baridi. Liache lipoe lenyewe, ndipo umwite fundi. Tangi likivuja tu, anza vilevile na umeme, halafu funga maji yanayoingia.

Kuna hatari nyingine, ya umeme na maji kukatika pamoja. Tangi likiwa limekauka na umeme ukatangulia kurudi, koili huungua. Kwa hiyo umeme ukikatika, zima boila. Usiiwashe mpaka bomba la moto litoe maji mfululizo.

Fundi akija kufunga boila mpya, hakikisha hakuna koki kati ya tangi na vali, na mrija wa vali uko wazi hadi chini. Kila mwezi fungua vali kidogo kwa mkono, chokaa isiigandishe.