Moyo wa Krismasi usiishie Desemba 26

Na Mwandishi Wetu

KILA mwaka inapoingia wiki ya mwisho kabla ya Desemba 25, sura ya Jiji la Dar es Salaam hubadilika. Mitaa ya Kariakoo hufurika wanunuzi wa nguo za watoto, mchele na mafuta ya kupikia, huku kituo kikuu cha mabasi cha Mbezi Luis kikijaa abiria wanaowahi kula sikukuu na wazee wao Kilimanjaro, Mbeya, Kagera na kwingineko.

Ni katika siku hizo hizo ambapo makao ya watoto yatima na wodi za hospitali hupokea wageni wenye mifuko ya sukari, sabuni na juisi. Vikundi vya kwaya, kampuni na familia hupanga zamu. Picha hupigwa, nyimbo huimbwa na watoto hula wali na nyama hadi kusaza.

Ikifika Desemba 27, wageni hao huwa wameondoka. Mahitaji yaliyowapeleka huko hayaondoki nao. Mtoto aliyekula pilau sikukuu atahitaji uji Machi, na mgonjwa aliyetembelewa wodini atahitaji dawa Agosti.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo kila anayeadhimisha sikukuu hiyo hana budi kujiuliza: iwapo ukarimu wa Krismasi ni jambo jema, kwa nini uwe na tarehe ya mwisho?

Kumbukumbu ya zamani zaidi inayofahamika kuhusu Krismasi kuadhimishwa Desemba 25 ni ya mjini Roma mwaka 336, nayo imo katika kalenda iliyoandaliwa mwaka 354. Kinachokumbukwa ni kuzaliwa kwa Yesu katika mazingira ya umaskini, ambapo mtoto alilazwa katika hori la kulishia ng'ombe kwa kuwa wazazi wake walikosa nafasi katika nyumba ya wageni.

Kwa imani ya Wakristo, tukio hilo halikuwa ziara ya siku moja. Jina Emanueli, analopewa mtoto huyo katika Injili ya Mathayo, maana yake ni Mungu pamoja nasi. Msisitizo upo katika kukaa pamoja na watu. Hata kalenda ya kanisa haiifungi Krismasi siku ile ile, bali huiendeleza hadi Januari.

Desemba 26 nayo ina somo lake. Siku hiyo, ambayo nchini Tanzania ni ya mapumziko na hujulikana kama Boxing Day, haikupata jina lake kutokana na ndondi kama baadhi ya watu wanavyodhani. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba huko Uingereza, masanduku ya sadaka yaliyokuwa makanisani yalifunguliwa siku hiyo na fedha kugawiwa maskini, huku watumishi wa majumbani, waliokuwa kazini wakati wa Krismasi, wakipewa zawadi zao.

Ikumbukwe kwamba sanduku la sadaka halijazwi kwa siku moja. Haba na haba hujaza kibaba, na kilichogawiwa siku hiyo kilikuwa matokeo ya kutoa kidogo kidogo kwa muda mrefu.

Mwandishi wa Kiingereza, Charles Dickens, aliligusa jambo hilo katika kitabu chake A Christmas Carol kilichotoka Desemba 1843. Mhusika wake mkuu, bahili aitwaye Scrooge, anapogeuka moyo asubuhi ya Krismasi, anaipelekea familia ya karani wake bata mzinga mkubwa. Lakini karani anaporudi kazini kesho yake, Scrooge anamwongezea mshahara.

Tofauti ya matendo hayo mawili ni kubwa. Bata mzinga huliwa akaisha. Mshahara ulioongezwa huendelea kulisha familia mwezi hadi mwezi, muda mrefu baada ya sherehe kusahaulika.

Mfano huo haupo mbali na nyumba nyingi za mijini. Dada wa kazi anaweza kupewa kitenge kipya na soda siku ya Krismasi, ilhali mshahara wake wa miezi miwili haujalipwa na hajawahi kupata siku ya kupumzika.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko yasiyopungua saa 24 kila wiki na likizo ya mwaka ya siku 28. Aidha, kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na Serikali kinawagusa pia wafanyakazi wa majumbani. Mwajiri anayetimiza hayo kwa miezi 12 anakuwa amempa binti huyo zawadi kubwa kuliko kitenge, ingawa kwa hakika si zawadi bali ni haki yake.

Eneo jingine ambalo wema wa msimu hauwezi kutosha ni damu. Akina mama wanaotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, watoto wenye upungufu mkubwa wa damu uliosababishwa na malaria, na majeruhi wa ajali za barabarani ni miongoni mwa wanaoihitaji zaidi. Kwao, kuwepo au kutokuwepo kwa chupa moja ya damu kunaweza kuamua uhai.

Damu haiwekwi ghalani kama mahindi. Chembechembe nyekundu zikihifadhiwa kwenye jokofu hudumu kati ya siku 35 na 42 kutegemea kihifadhi kilichotumika. Chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, hudumu siku chache tu. Kwa mantiki hiyo, hata kama wakazi wote wa jiji wangechangia damu siku ya Krismasi, akiba hiyo ingekuwa imekwisha muda wake kabla ya katikati ya Februari.

Tena, Desemba ndicho kipindi ambacho benki za damu huwa katika hali ngumu. Katika nchi za Afrika Mashariki, wanafunzi wa shule na vyuo ni kundi kubwa la wachangiaji wa hiari, na shule zinapofungwa kundi hilo hutawanyika. Wakati huo huo, safari huongezeka na ajali zinapotokea mahitaji hupanda.

Hii ndiyo sababu wataalamu huwathamini wachangiaji wanaorudi mara kwa mara kuliko wanaojitokeza mara moja. Mbali na kuweka akiba iliyo thabiti, wachangiaji hao huwa wamepimwa mara nyingi, hivyo damu yao huwa salama zaidi kuliko ya ndugu wanaotafutwa kwa haraka mgonjwa akiwa tayari kitandani.

Hali kama hiyo ipo katika makao ya watoto. Desemba stoo inaweza kujaa mchele hadi mwingine ukaingia wadudu, lakini Januari, shule zinapofunguliwa, hakuna sare wala madaftari. Ni kweli kwamba Serikali iliondoa ada katika shule zake za msingi na sekondari hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, na mwaka 2022 ikafikia kidato cha sita. Hata hivyo, sare, viatu, mkoba na nauli hubaki kuwa mzigo wa mzazi au mlezi.

Makao hayo hulipia pia umeme, maji, matibabu na ujira wa walezi, gharama ambazo mara chache hufikiriwa na mgeni anayebeba katoni ya biskuti. Mtu aliyepanga kutumia shilingi 120,000 kwa siku moja ya sikukuu anaweza kuzigawa na kutoa shilingi 10,000 kila mwezi. Kiasi ni kile kile, lakini mlezi wa watoto anapata kitu anachoweza kukipangia bajeti.

Wapo wanaodai kuwa maisha ni magumu na kwamba mtu hawezi kutoa kila mara. Hoja hiyo ina uzito, hasa Januari ambapo kodi ya nyumba na mahitaji ya shule hugonga hodi kwa pamoja. Lakini wahenga walikwisha kusema kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kumpigia simu mzazi aliyeko kijijini, kumlipa fundi kwa wakati au kumwangalia mtoto wa jirani aliyelazwa ni matendo yasiyohitaji akiba benki.

Isitoshe, jamii imekwisha kubuni njia za kubebana. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele katika miaka ya 1970, hukutanisha familia za mtaa mmoja kila wiki. Humo hujulikana mapema nani anaumwa, nani amefiwa na nani hana chakula, kabla mhusika hajalazimika kuomba.

Vikundi vya kuweka na kukopa, maarufu kama VICOBA, navyo huwa na mfuko wa jamii ambao kila mwanachama huuchangia kiasi kidogo katika kila kikao. Fedha hizo hutumika wakati wa ugonjwa au msiba. Waislamu na Wakristo hukaa katika kikundi kimoja, na anayesaidiwa haulizwi anasali wapi.

Siri ya mafanikio ya njia hizo ni utaratibu. Hazisubiri mtu aguswe na wimbo wa sikukuu ndipo atoe. Zina siku, zina kiasi, na zina daftari linaloonyesha nani ametoa. Moyo wa mtu hupanda na kushuka, lakini ratiba humkumbusha hata siku ambayo hajisikii.

Kwa anayetaka kuanza, damu inaweza kuwa mfano rahisi kuliko yote. Mwanaume mwenye afya njema anaruhusiwa kuchangia kila baada ya miezi mitatu, na mwanamke kila baada ya miezi minne. Mwanaume atakayechangia Desemba 26 ataweza kurudi mwishoni mwa Machi, kisha Juni, kisha Septemba. Krismasi nyingine itakapofika, chupa nne zitakuwa zimepita mikononi mwa wauguzi, nyingi kati ya hizo katika miezi ambayo hakuna kengele za sikukuu zilizolia.