Kabla ya kukata tiketi, ijue kalenda ya sherehe ya jadi

Na Mwandishi Wetu, Ngujini

WAKAZI wengi wa mijini wanapopanga safari ya kwenda kutazama sherehe za jadi huanza na suala la nauli. Huuliza basi ni kiasi gani, boti ni kiasi gani, na nyumba ya wageni inatoza shilingi ngapi kwa usiku mmoja. Hayo ni maswali ya haki, lakini si ya kwanza. Yanayotangulia ni mawili: sherehe hiyo inafuata kalenda gani, na je, wenyewe wanamhitaji mgeni?

Asiyeyauliza anaweza kufika siku tatu baada ya ngoma kuvunjika. Au atafika siku yenyewe na kujikuta amesimama mahali ambapo hakutakiwa kukanyaga. Katika hali zote mbili fedha na siku za likizo huwa zimekwenda bure. Katika hali ya pili, na heshima pia huwa imekwenda.

Sherehe isiyo na tarehe

Mfano wa karibu upo hapa Ngujini, kata iliyo katika Wilaya ya Mwanga, Mkoa wa Kilimanjaro, kwenye Milima ya Upare Kaskazini. Msafiri anayepanda milima hii akitarajia kukuta tamasha la mila lenye kiingilio na ratiba iliyobandikwa ukutani hatalikuta. Hata hivyo, asidhani kwamba milima haina jadi.

Upare Kaskazini kuna misitu midogo ya mila ambayo wenyeji wameihifadhi kwa vizazi vingi. Ipo ya aina mbili kuu. Ya kwanza huitwa mshitu, ambayo zamani ilikuwa mahali pa jando, ambako vijana walifundwa na kutahiniwa kabla ya kuhesabiwa kuwa watu wazima. Ya pili huitwa mpungi, ambayo ni ya ukoo. Humo ndimo mlimokuwa na matambiko kwa mizimu ya wahenga, na katika baadhi yake mafuvu ya wahenga hao yalihifadhiwa.

Mwanahistoria Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu historia ya siasa ya Wapare, alieleza namna jando lilivyokuwa nguzo ya utawala katika dola ya kale ya Ugweno. Kwa maneno mengine, mambo yaliyofanyika msituni hayakuwa burudani. Yalikuwa shule, yalikuwa mahakama, na yalikuwa namna ya kuwaunganisha watu chini ya mamlaka moja.

Katika karne ya 20, dini za Kiislamu na Kikristo, shule na utawala wa kikoloni vilififisha desturi hiyo. Baadhi ya misitu ilikatwa kwa ajili ya mashamba na mbao. Iliyobaki bado ina wenyewe. Tambiko la ukoo, pale linapofanyika, halina tarehe katika kalenda ya ukutani: wazee huliitisha panapokuwa na sababu, kama vile ukame, maradhi au jambo zito katika familia. Huwezi kulipangia likizo, na hata ungebahatika kuwapo siku hiyo, hapo si mahali pa mtazamaji.

Jambo ambalo mgeni anaweza kulipangia tarehe katika milima hii ni mwezi Desemba, wakati wenyeji wanaofanya kazi Dar es Salaam, Arusha na kwingineko wanaporudi nyumbani. Ndipo nyumba zilizofungwa hufunguliwa, ndoa hufungwa, makaburi ya wazee husafishwa, na sufuria la makande huinjikwa kwa ajili ya watu wengi kuliko kawaida. Aliyealikwa na mwenyeji atayaona maisha ya Upare kwa namna ambayo tiketi haiwezi kununua.

Lakini Desemba nayo ina gharama zake. Mabasi ya njia ya Dar es Salaam, Segera, Same, Mwanga hadi Moshi hujaa siku nyingi kabla ya Krismasi, na anayefika Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, bila tiketi mkononi huangukia mikononi mwa walanguzi. Aidha, vuli huweza kuwa bado inanyesha, na barabara za kupanda milimani huteleza. Ni busara kupanga kufika Mwanga mjini mchana, ili safari ya kupanda mlima isifanyike gizani.

Kalenda nne, hesabu nne

Ukitoka Upare, zipo sherehe ambazo zina majira yanayojulikana. Tatizo ni kwamba hazifuati kalenda moja.

Sherehe ya kwanza ni Mwaka Kogwa, inayofanyika Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja. Jina lake linatokana na kukoga mwaka, yaani kuoga ili kuacha uchafu wa mwaka uliopita. Wanaume wa upande wa kaskazini na wa kusini hupambana kwa kupigana na migomba, na ugomvi wa mwaka mzima huishia hapo. Kibanda cha makuti huchomwa moto, na wanawake waliovaa nguo zao nzuri hupita wakiimba.

Sherehe hiyo hufuata Nairuzi, mwaka wa jua wenye asili ya Uajemi ambao mabaharia na wakulima wa pwani waliutumia kuhesabu pepo na majira. Mwaka huo una siku 365 kamili, wala hauna siku ya nyongeza inayoletwa na mwaka mrefu. Matokeo yake ni kwamba, ukilinganishwa na kalenda ya kawaida, hurudi nyuma kwa siku moja kila baada ya miaka minne. Mtu aliyeishi miaka 80 Makunduchi ameiona sherehe ikirudi nyuma kwa siku 20 hivi. Kwa zama hizi huangukia mwezi Julai, lakini tarehe iliyoandikwa katika kitabu cha zamani cha watalii isiaminiwe bila kuthibitishwa.

Ya pili ni Maulidi ya Lamu, nchini Kenya, yanayohusishwa na Msikiti wa Riyadha na mwanazuoni Habib Swaleh. Husomwa katika Mfungo Sita, na pamoja na kisomo huwapo ziara ya makaburini, ngoma za wanaume na mashindano ya punda. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001.

Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi mwandamo na una siku 354 au 355. Kwa hiyo Maulidi hutangulia kwa siku 10 au 11 kila mwaka, na huzunguka majira yote katika muda wa miaka 33 hivi. Mwaka 2024 Mfungo Sita uliangukia Septemba. Miaka michache baadaye huwa Agosti, kisha Julai. Anayekwenda Lamu kila mwaka hatakuta hali ya hewa ile ile. Isitoshe, mwezi hutangazwa baada ya kuonekana, hivyo mpango wa safari uachie nafasi ya siku moja au mbili.

Ya tatu ni Bulabo ya Wasukuma, ambayo kitovu chake ni Bujora, Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza. Vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana kuvuta watazamaji, na wachezaji wengine huingia uwanjani na chatu. Sherehe hiyo imefungamanishwa na sikukuu ya Ekaristi Takatifu ya Kanisa Katoliki, ambayo huja siku 60 baada ya Pasaka. Kwa kuwa Pasaka huhama, sikukuu hiyo nayo huweza kuangukia siku yoyote ya Alhamisi kati ya Mei 21 na Juni 24, na mahali pengi huadhimishwa Jumapili inayofuata. Anayeijua tarehe ya Pasaka anaweza kuhesabu mwenyewe.

Ya nne ni Imbalu, jando la Wamasaba wa mashariki mwa Uganda, ambalo huzinduliwa Mbale mwezi Agosti. Hapa hesabu ni ya mwaka mzima: hufanyika katika miaka inayogawanyika kwa mbili tu, kama 2022 na 2024. Anayefika Mbale mwaka usiogawanyika kwa mbili amekosea kwa miezi 12.

Hali hiyo si ya Afrika Mashariki pekee. Bhutan, nchi ndogo ya Kibudha katika Milima ya Himalaya, sherehe za mahekalu ziitwazo tsechu hufuata miezi ya kalenda ya Kitibeti, na jina lenyewe maana yake ni siku ya kumi. Sherehe ya Paro huangukia Machi au Aprili, ya Thimphu Septemba au Oktoba, na tarehe hubadilika kila mwaka. Kosa la tarehe huko ni ghali zaidi: tangu Septemba 2023, mtalii wa kawaida hutozwa na serikali dola 100 za Marekani kwa kila usiku, mbali na chakula na malazi.

Maandalizi ya msafiri

Baada ya kuijua kalenda, ndipo suala la nauli lije. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, Makunduchi ndiyo rahisi zaidi: boti ya kasi hufika Unguja kwa muda wa saa mbili hivi, kisha gari hadi kusini. Lakini Julai ni msimu wa upepo wa kusi, bahari huchafuka, na wasiozoea hutapika. Pia ni msimu wa watalii, hivyo vyumba vitafutwe miezi miwili au mitatu kabla. Wazazi wakumbuke kuwa mara nyingi wakati huo shule zimekwisha funguliwa.

Lamu na Mbale zinahitaji hati ya kusafiria, na kwa Uganda cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kwa Lamu, njia ya barabara hupita Mombasa na Malindi hadi Mokowe, kisha abiria huvuka kwa mashua. Ni safari ya kugawanywa katika siku mbili, na taarifa za usalama wa barabara ziulizwe kabla ya kuondoka.

Jambo la kuepuka ni kununua tiketi isiyorudishwa kabla ya tarehe kuthibitishwa na watu wa huko huko. Ofisi ya utamaduni ya wilaya, kamati ya sherehe, msikiti au parokia vina taarifa sahihi kuliko tangazo la wakala aliyeko mbali.

Mgeni ni nani?

Sasa lirudiwe swali la pili, ambalo wengi hulisahau. Makunduchi huaminika kuwa si vyema nyumba ikose mgeni siku ya Mwaka Kogwa. Huko mgeni ni sehemu ya sherehe, na anayepita mlangoni bila kuonja chakula huonekana kuwa na kiburi. Katika msitu wa ukoo Upare, jambo ni kinyume chake. Heshima ya mgeni ni kubaki nje, na kuingia bila idhini ya wazee ni kosa hata kama nia yake ilikuwa njema.

Kati ya ncha hizo mbili kuna nafasi kubwa. Katika Maulidi, mtazamaji hukaribishwa barabarani, lakini ndani ya msikiti kuna taratibu zake. Katika Imbalu, kijana anayetahiriwa hadharani amekubali kutazamwa na jamaa na jirani. Hilo halimaanishi kuwa amekubali picha yake isambazwe kwa watu asiowajua. Mavazi ya staha, kuomba ruhusa kabla ya kupiga picha, na kutulia pale wenyeji wanapotulia ni mambo yasiyogharimu hata senti moja.

Yapo pia madhara ya muda mrefu. Sherehe ikianza kusogezwa tarehe ili ilingane na likizo za wageni, au tambiko likifanywa upya kwa ajili ya kamera, kinachobaki ni maonyesho. Wenyeji watapata fedha za msimu, lakini watapoteza kile kilichowafanya wageni waje. Makunduchi wakiacha hesabu ya Nairuzi, hawatakuwa tena wanakoga mwaka; watakuwa wanapigana na migomba tu.

Kwa hiyo likizo ndiyo iifuate sherehe, wala si sherehe kuifuata likizo. Na pale ambapo sherehe haina tarehe, kama katika misitu ya Upare Kaskazini, msafiri aridhike kuiona milima, kula makande ya mwenyeji wake, na kuuacha msitu kwa wenyewe.