Goma: Sababu gani kigari cha mulemavu kinakwama katika mawe

Katika muji wa Goma, barabara nyingi za ndani ya mitaa zimejaa mawe ya volkano. Kigari kilichotengenezwa kwa ajili ya hospitali hakiwezi huko: magurudumu madogo ya mbele yanaingia kati ya mawe, kigari kinasimama gafula, na mwenye kukikalia anaanguka.

Njo maana mafundi wanakigeuza. Mbele wanaweka gurudumu moja kubwa, mbali kidogo na miguu, ili kisipinduke. Nyuma, mipira mipana ya kinga. Ubaya wake: ni kirefu, kinageuka kwa shida ndani ya nyumba.

Mto munene ni lazima pia. Mutu asiyesikia maumivu anapata vidonda bila kujua, na vidonda hivyo vinaweza kuua. Kwa hiyo, mbele ya kupokea kigari, mulemavu akijaribie kwanza katika njia yake ya kila siku.